Kemikali Ipi, Kiasi Gani, kwa Ugonjwa Gani

Hotuba kwa wazazi wa watoto wenye kifafa, wahudumu wa afya wa jamii na viongozi wa dini, Malindi

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na wale wa hamjambo, hamjambo.

Nilipewa nusu saa, na kipaza sauti kimeshakula sehemu yake, kwa hivyo niende moja kwa moja. Mwenyekiti alinipa mada: "Faida za bangi kwa afya." Nikamwambia, mzee wangu, mada hiyo siiwezi, maana kuuliza faida za bangi ni sawa na kuuliza faida za mnazi. Mti ni mmoja. Asubuhi unaangua dafu ukampelekea mgonjwa, mchana unakuna nazi upate tui la samaki, jioni mgema anashuka na tembo lake. Hakuna mama hapa Malindi atakayemnywesha mtoto tembo kwa kuwa alisikia mnazi una dawa. Atauliza kwanza: sehemu gani ya mnazi?

Bangi nayo ina kemikali zaidi ya 100 za ukoo mmoja, zinaitwa kanabinoidi. Nyingine zinalevya, nyingine hazilevyi kabisa. Zipo zinazofanya kazi kinyume na wenzake waliokaa nao kwenye jani lilelile. Basi mtu akija kukuuzia "dawa ya bangi", muulize: kemikali ipi, kiasi gani, kwa ugonjwa gani? Akibabaika kwa moja tu kati ya hayo, rudisha pesa mfukoni.

Habari ya sheria niimalize mapema, maana namwona askari pale nyuma na sitaki akae akiandika. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 ipo. Kupanda bangi Kenya, kuwa nayo, kuivuta na kuiuza ni makosa, iwe shambani Magarini au ndani ya kopo uani kwako. Kwingine Afrika mambo yamesogea: Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018. Na Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi kwenye orodha ile kali zaidi, inayokaa pamoja na heroini. Lakini ikaiacha kwenye orodha ya kwanza ya vitu vinavyodhibitiwa. Kwa hivyo kijana akiwaambia "Umoja wa Mataifa umeshahalalisha", mwambieni habari ameisoma nusu.

Kilichonileta hapa ni kichupa.

Mama mmoja alikuja kwenye duka langu la dawa na mwanawe wa miaka minne. Mtoto ana kifafa, anakunywa tembe za fenobabitoni za kuzuia kifafa, na kwa miezi kadhaa alikuwa ametulia vizuri. Mama akafungua pochi akatoa kichupa cheusi cha mililita 30, kifuniko chake cha mpira cha kudondoshea, na jani la bangi limechorwa kwa rangi ya dhahabu. Lebo inasema: CBD, ambayo ni moja ya zile kanabinoidi za bangi, miligramu 1,000. Matumizi: matone 5 asubuhi, matone 5 jioni. Alikiagiza mtandaoni kikaletwa na basi kutoka Mombasa. Bei sitaitaja, huenda mumewe yumo humu. Swali lake lilikuwa moja: "Daktari, zile tembe niziache leo, au nimalizie kwanza zilizobaki?"

Nikachukua kalamu na bahasha ya dawa nikapiga hesabu mbele yake. Mtoto ana kilo 15. CBD inayotolewa hospitalini kwa watoto wenye aina fulani za kifafa hufika kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo ya mtoto, kila siku. Tuchukue 10. Kwa mtoto huyu ni miligramu 150 kwa siku. Kichupa kizima kina 1,000, kwa hivyo kisingemaliza wiki. Sasa njoo kwenye yale matone. Tone moja ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita. Matone 10 kwa siku ni nusu mililita, na nusu mililita ya kichupa kile ina miligramu kama 17. Mtoto anahitaji 150, anapata 17. Yaani mama alikuwa tayari kumwachisha mwanawe dawa inayomfaa, ampe sehemu moja ya tisa ya kipimo cha dawa nyingine. Na hapo tumeiamini lebo.

Kuiamini lebo nako kuna mambo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya bidhaa 84 za CBD walizozinunua mtandaoni wakazipima maabara. Zilizokuwa na kiasi kile kilichoandikwa ni 26 tu. Na 18 zilikutwa na THC, ile kemikali inayolevya, na watu walikuwa wakiwapa watoto. Vingine vinaandikwa mafuta ya mbegu za bangi. Mafuta ya mbegu ni chakula kama mafuta ya ufuta. CBD ndani yake karibu hakuna. Ukiyapikia mchicha sina neno, lakini kifafa hayakigusi.

Na kuacha fenobabitoni ghafla ni hatari kuliko kutoianza. Ubongo uliozoea kushikiliwa ukiachiwa kwa mara moja, mtoto anaweza kushikwa na kifafa kisichokatika, dakika kumi, ishirini, nusu saa, na hapo tunazungumza maisha. Nilimwambia yule mama hivyo, akakaa kwenye benchi akanyamaza. Tembe hazikuachwa.

Sasa msije mkatoka hapa mkisema mfamasia kasema CBD ni uongo. Sivyo. Tena naomba mnisikilize hapa vizuri, maana hapa ndipo penye kitu.

Kanabidioli, ndiyo hiyo CBD, haileweshi. Mwanakemia Roger Adams wa Illinois aliitenga mwaka 1940, na muundo wake ukajulikana mwaka 1963. Mwaka 1980 kule Brazili wagonjwa 15 wa kifafa sugu, ambao dawa za kawaida hazikuwafaa, waligawanywa: 8 wakapewa CBD, 7 wakapewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu cha kutibu, ili walinganishwe. Katika wale 8, wanne walikaa karibu bila kuanguka tena, na watatu wakapata nafuu kiasi. Wa dawa bandia, mmoja tu ndiye aliyeonyesha nafuu. Mngetarajia dunia ikimbilie Brazili. Wapi! Kilikuwa kikundi kidogo, na jina la bangi likawatisha wenye fedha za utafiti. Jambo likalala miaka zaidi ya thelathini.

Mwaka 2017 ndipo majibu makubwa yalipotoka. Watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina mbaya ya kifafa inayoanza mtoto hajatimiza mwaka, walipewa CBD safi ya miligramu 20 kwa kilo, au dawa bandia. Waliopewa CBD, degedege zao zilishuka kutoka 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, kwa hesabu ya mgonjwa wa katikati. Wa dawa bandia walitoka 14.9 wakafika 14.1. Kwa mama anayeamka usiku mara kumi na mbili kwa mwezi kumgeuza mtoto ubavu, kupunguziwa nusu ni jambo kubwa sana. Lakini walioacha kuanguka kabisa walikuwa 5 katika kila 100. Juni 2018 Marekani ikaiidhinisha CBD hiyo kwa jina la Epidiolex, kwa kifafa cha Dravet na kile cha Lennox-Gastaut, na mwaka 2020 ikaongeza kifafa cha tuberasi sklerosisi, ugonjwa unaoleta vivimbe mwilini.

Kuna neno moja katika majaribio hayo ambalo wauza vichupa hawalitaji. Watoto wote wale waliendelea na dawa zao za kawaida. CBD iliongezwa juu yake. Hakuna aliyeambiwa mwachishe.

Na kuongezwa kwenyewe kunataka daktari. Mtoto akiwa anatumia valproeti, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Epilim, CBD ikiingia vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda, na lazima damu ipimwe kabla na baada. Akiwa anatumia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, CBD inaifanya izidi nguvu mwilini na mtoto anasinzia mchana kutwa. Mzee anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, akiongeza CBD bila kusema, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Haileweshi, ndiyo. Lakini ni dawa kamili, na ini halijali kama ilitoka kwenye mmea.

Sasa, ugonjwa wa Dravet ni nadra. Hesabu ya Marekani ni mtoto mmoja kati ya kila 15,700 hivi. Kifafa chetu huku Pwani kina sababu nyingine. Watafiti walioko Kilifi, wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao, wamekichunguza kwa miaka mingi, na wanayoyakuta ni matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, vimelea, mtu kuumia kichwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa inavyopasa. Kutibiwa kwenyewe ni hizi fenobabitoni, karbamazepini na valproeti. Kwa watoto wengi waliomo humu ndani, CBD si hatua ya kwanza wala ya pili. Mimi naona ni aibu yetu kwamba mama anajua habari za mafuta ya Marekani kabla hajaelezwa kwa nini tembe isirukwe hata siku moja.

Na mengine ya nyuni na pepo wanaosemwa kuleta kifafa, hapo sigombani na mtu. Ukitaka kusomewa, somewa. Ukitaka kuombewa, ombewa. Tembe iwe imeshamezwa. Ila kuna bibi mmoja alishauriwa amfukizie mjukuu bangi kwenye chetezo. Naomba sana jambo hilo lisifanyike. Moshi ule hauna CBD ya kutosha kumsaidia mtoto, na THC iliyomo inaweza kumdhuru.

Tuingie kwenye THC basi.

Mwaka 1964 kule Israeli, Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga THC safi wakaonyesha muundo wake. Naona wengine mmekunja uso niliposema Israeli. Bangi yenyewe ilitoka Lebanoni, kama hilo linasaidia. Mechoulam mwenyewe alisimulia kwamba alipewa na polisi kilo tano za hashishi iliyokamatwa, akapanda nayo basi kurudi maabara, na abiria wakawa wanauliza kuna harufu gani. Baadaye mkewe akaoka keki, marafiki kumi wakaalikwa nyumbani, watano wakatiliwa miligramu 10 za THC kwenye kipande chao. Watano wale hawakufanana. Kuna aliyeongea bila kunyamaza, kuna aliyecheka kila akifungua mdomo, na kuna aliyeshikwa na hofu. Kipimo kimoja, keki moja, sebule moja. Hiyo ndiyo shida ya THC hadi leo.

Kwa nini inafanya hivyo? Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC inakaa juu yake, vikaitwa CB1; vingine, CB2, vimejaa zaidi kwenye chembe za kinga. Na mwaka 1992 ikajulikana kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali za kukaa hapo. CB1 vimetapakaa sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu, hamu ya kula, maumivu, kichefuchefu na mwendo. Vipo vichache sana kwenye sehemu inayoendesha pumzi, na ndiyo sababu bangi haimsimamishi mtu pumzi kama unga wa heroini unavyofanya. Malindi hii mmezika vijana wa unga, mnajua nasema nini.

Dawa ya THC ipo tangu mwaka 1985. Inaitwa dronabinoli, ni THC iliyotengenezwa kiwandani. Iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya kemotherapi, pale dawa nyingine zinaposhindwa. Ndugu yake nabiloni akaidhinishwa mwaka huohuo kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1992 dronabinoli ikaongezewa kazi ya kurudisha hamu ya kula kwa wenye UKIMWI waliokonda. Wale mnaokumbuka wadi za miaka ile, kabla ya dawa za kufubaza virusi, mtaelewa thamani ya mtu kumaliza sahani ya wali. Siku hizi kwa kutapika tuna dawa bora, ondansetroni kwa mfano, na THC imerudi nyuma kwenye foleni.

Tazameni vipimo sasa. Dronabinoli ya hamu ya kula huanza na miligramu 2.5, mara mbili kwa siku. CBD ya kifafa, mtoto mdogo anakunywa 150, 200, 300. Ukichanganya majina hayo mawili kwenye karatasi ya dawa umemtia mtu kichaa au umempa maji. Na bangi ya kuvuta je? Ile iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC kama asilimia 4. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa imefika 12, kwa sababu wapandaji walichagua mbegu kali. Gramu moja ya hiyo 12 ina miligramu 120. Nyingi huungua hewani, kweli, lakini hakuna anayejua aliyovuta ni ngapi. CBD kwenye bangi hiyohiyo ilishuka ikawa chini ya sehemu mbili za kumi za asilimia moja. Kijana anayekwambia "navuta kwa ajili ya CBD" anatafuta dafu kwenye mtungi wa mgema.

Kula ni kubaya zaidi ya kuvuta kwa asiyezoea. Moshi unafika kichwani kwa dakika chache, mtu anajua ameshiba. Biskuti inachukua nusu saa hadi saa mbili, ini linaigeuza THC kuwa kitu kikali zaidi, na mlaji aliyeona hakuna kinachotokea ameshaongeza ya pili na ya tatu. Watoto huokota biskuti hizo wakidhani ni za chai.

Madhara mengine mnayajua: moyo kwenda mbio, kizunguzungu, hofu, kusahau. Katika kila watu 100 wanaoijaribu, kama 9 huishia kuwa watumwa wake, na kwa wanaoanza ujanani ni kama mmoja kati ya sita. Lakini kuna moja ambalo hata wauguzi wengine hawalijui. THC ni dawa ya kutapika, sivyo? Mtu anayevuta kila siku kwa miaka anaweza kufika mahali ikamgeuka, akaanza kutapika yeye kwa siku nzima, tumbo likimsokota, na kitu pekee kinachomtuliza ni kuoga maji ya moto. Madaktari wa Australia waliueleza ugonjwa huu mwaka 2004. Wahudumu wa afya, mkikuta kijana anatapika bila sababu na mamake anasema anashinda bafuni na ndoo ya maji moto, muulizeni taratibu, bila askari kuwepo. Tiba yake ni kuacha.

Nimesema kemikali hizi hupingana. Mfano wake mkubwa ni akili. THC nyingi inaweza kumfanya mtu asikie sauti na aone watu wanamfuata, hasa kijana mwenye ndugu waliowahi kuugua. CBD nayo imejaribiwa kama dawa ya hali hiyohiyo. Ujerumani, mwaka 2012, wagonjwa 42 wa skizofrenia waligawanywa kati ya CBD na dawa ya kawaida, amisulpridi. Makundi yote mawili yakapata nafuu, na wa CBD wakapata madhara machache. Jaribio jingine la mwaka 2018, wagonjwa 88, waliongezewa miligramu 1,000 kwa siku na likaonyesha nafuu kiasi. Haijaandikishwa kwa kazi hiyo, utafiti bado mdogo. Lakini msishangae mkisikia kwamba ndani ya mmea mmoja mna kinachoweza kumchanganya mtu na kinachochunguzwa kumtuliza.

Wapo waliozichanganya makusudi. Sativex ni dawa ya kupuliza mdomoni, kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD, kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa wa neva unaokakamaza misuli. Kanada iliikubali mwaka 2005 kwa maumivu ya wagonjwa hao, Uingereza mwaka 2010 kwa misuli kukakamaa. Ugonjwa huo ni nadra kwetu, tupite.

Zile kemikali ndogo nitazipitia mbio, maana sifa zake ni nyingi kuliko ushahidi. Jani bichi halina THC nyingi. Lina THCA, ambayo hailevyi mpaka iguswe na moto. THC ikikaa sana ikachakaa inakuwa CBN, na CBN inauzwa kama dawa ya usingizi bila majaribio ya maana. CBG ndiyo hutangulia nyingine kwenye mmea. Majaribio yake ya maabara ni mengi, ya wagonjwa ni haba. THCV imenivutia kidogo kwa sababu ya sukari: jaribio la mwaka 2016 la wagonjwa 62 wa kisukari liliona sukari ya asubuhi ikishuka kwa waliopewa THCV, na kwa CBD haikushuka. Wagonjwa 62 tu. Mzee wangu mwenye sukari, endelea na metformini yako, na punguza hayo mahamri.

Maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi nimeyapokea, nijibu manne.

La kwanza, magoti. Kwa maumivu ya kudumu, ushahidi uliopo unaegemea dawa zenye THC, na nafuu yenyewe ni ndogo. Uingereza mwaka 2019 iliwaambia madaktari wake wasiziandike kwa maumivu hayo. CBD peke yake ilijaribiwa Denmaki kwa wagonjwa zaidi ya 120 wenye maumivu ya viungo vya mikono, miligramu 20 hadi 30 kwa siku, wiki 12. Haikutofautiana na dawa bandia.

Sikoseli. Hili najua limeulizwa na mzazi, maana Kilifi tunayo kwa wingi. California walijaribu bangi ya kuvuta kwa mvuke, yenye THC na CBD karibu sawasawa, wakachapisha mwaka 2020. Wagonjwa 23 walimaliza. Maumivu hayakushuka kwa kiasi cha kuthibitisha kuliko ya dawa bandia, ingawa hali ya moyoni ilikuwa nzuri kidogo. Hidroksiurea ndiyo ya kuulizia kliniki.

Presha ya macho. THC hushusha presha ya jicho kweli, kwa saa tatu au nne. Jicho linahitaji saa 24, kwa hivyo ungelewa mchana na usiku. Na CBD ilipojaribiwa kwa watu, kipimo kikubwa kiliipandisha presha kwa muda. Hapa mtu akinunua kichupa kisicho chake anaweza kujiharibia macho. Matone ya timololi yapo.

Saratani yenyewe, kuiponya: hakuna jaribio la watu lililothibitisha. Chembe kufa kwenye kisahani cha maabara ni habari nyingine; hata jiki huziua.

Ustadh ameuliza kama CBD ni haramu. Hukumu ni ya maulamaa, mimi nitawapa maelezo ya kutolea hukumu. CBD safi haileweshi. Epidiolex imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta pamoja na alkoholi, miligramu 79 katika kila mililita, kwa hivyo swali lenu huenda likawa juu ya kiyeyushi kuliko juu ya bangi. THC inalevya hata ikiwa kwenye tembe ya hospitali. Na kabla ya kusema kitu kinacholevya hakiwezi kuwa dawa, kumbukeni mofini tunayowapa wagonjwa wa saratani, na methadoni inayonywewa kila asubuhi hapa hapa Malindi mbele ya muuguzi, kipimo kimeandikwa kwenye daftari kwa jina la kila mtu. Hakuna anayeenda nayo nyumbani kwenye kichupa cha jani la dhahabu.

Dawa yoyote inayouzwa nchini sharti iandikishwe na Bodi ya Dawa na Sumu. Mkiona lebo bila namba ya kuandikishwa, bila jina la kiwanda, bila tarehe ya kuharibika, msibishane na muuzaji, niulizeni mimi au mfamasia yeyote.

Muda umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na vichupa wavilete hapa mezani, tusome lebo pamoja na tupige hesabu kwa kilo za mtoto. Mizani ipo. Na aliyekwisha kumwachisha mtoto tembe, asipange foleni yangu. Aende kwa yule muuguzi mlangoni sasa hivi, dawa za mwezi huu anazo.